Uliibiwa Huku Unacheka: Ugomvi wa Nyota Mbili na Riwaya za Upelelezi za Krismasi

Kila mwisho wa mwaka ni yale yale. Zikishatoka zile riwaya za upelelezi za Krismasi za Wamarekani na Waingereza, kava lina theluji, paka, keki na kisu, wasomaji wanagawanyika kama Simba na Yanga, huyu anatoa nyota tano anasema kacheka mpaka kaamsha watoto, yule anatoa mbili anasema muuaji kamjua hata chai haijapoa. Safari hii naona watu wamekwenda mbali zaidi, wanaziokota zile nyota mbili mbili wanazijumlisha halafu wanatangaza kwamba aina hii ya vitabu imekwisha, waandishi wamechoka, tunauziwa mapambo. Mimi sikubali. Nasema wengi wa wanaolalamika wameibiwa huku wanacheka na mpaka leo hawajui kama wameibiwa. Kwenye upelelezi wa sikukuu wenye vichekesho, utani ndo maficho ya kidokezo na sikukuu yenyewe ndo mtambo unaoizungusha kesi, sasa wewe ukija na swali moja tu la "nilimjua muuaji ukurasa wa ngapi" unakuwa unapima nyanya kwa rula. Malalamiko ya haki yapo, tena mengine makali, ila siyo hayo yanayopigiwa kelele.

Kwa asiyezifahamu hizi riwaya, sheria zake ni chache. Mpelelezi si polisi, ni mama muoka biskuti au mkutubi au mstaafu asiye na kazi ya kufanya. Mahali ni mji mdogo ambao kila mtu anajua mwenzake kanunua nini dukani. Maiti inapatikana lakini hatukai nayo, damu haimwagwi mbele ya msomaji, kitandani hatuingii. Huko Marekani mashabiki wana kongamano lao la kila mwaka linaitwa Malice Domestic, na tangu 1989 wanatoa tuzo ya Agatha, jina la heshima kwa Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, na mshindi hapewi sanamu wala kikombe cha dhahabu, anapewa birika la chai. Birika kabisa. Nilipolijua hilo nikaacha kutafuta jina lingine, tangu siku hiyo naziita riwaya za birika, na ukishaelewa kwamba tuzo ni birika umeshaelewa nusu ya mkataba kati ya mwandishi na msomaji wake.

Sasa Krismasi imeingiaje humo? Watu wanadhani ni ujanja wa wachapishaji wa juzi, kumbe jambo lina zaidi ya miaka 130. Januari 1892 jarida la The Strand la London lilichapa hadithi ya Arthur Conan Doyle ya kito cha bluu kilichokutwa ndani ya bata bukini wa Krismasi. Hamna mauaji humo. Kuna kofia chakavu, kuna bata, kuna fundi bomba aliyekamatwa kwa kosa lisilo lake, na Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa Doyle, anamfuatilia bata kurudi nyuma, kutoka mezani mpaka baa, kutoka baa mpaka soko la Covent Garden. Pale sokoni ndo pa kusimama. Muuza ndege, jina lake Breckinridge, kashachoshwa na watu wanaomuulizia wale bata na anakataa katakata kusema kawatoa wapi. Holmes habembelezi. Anabadilisha maneno, anajifanya mjuaji, anasema yule bata kafugwa shamba, muuzaji anasema nani kakudanganya ni wa mjini, Holmes anaweka dau la sarafu moja ya dhahabu, na yule bwana kwa hamu ya kumtia adabu mshamba huyu anamwambia kijana wake alete vitabu vya mahesabu, anavifungua chini ya taa, na anamsomesha Holmes mwenyewe, kwa sauti, jina na anwani ya aliyemuuzia. Siri yote imetoka kwa hiari na mwenyewe anajiona kashinda. Baadaye Holmes anamwambia rafiki yake Watson kwamba alikuwa kaona gazeti la mbio za farasi limechungulia mfukoni mwa yule mtu, akajua huyu ukimpa noti mia hatasema ila ukimpa dau atasema yote.

Msomaji anacheka pale, ni haki yake. Lakini angalia kicheko kimefanya kazi gani, kimefungua mlango ambao swali la kipolisi lisingeufungua. Huo ndo utani wa birika ukiwa mzima, ukiutoa hadithi inaanguka. Halafu mwisho wake Holmes anamwachia mwizi aende zake kwa kuwa ni msimu wa kusamehe, kitu ambacho Machi au Agosti kisingekaa sawa. Na kama unapenda kuona wasomaji walikuwa hivi hivi tangu zamani, wapo waliolalamika miaka na miaka kwamba bata bukini hana ule mfuko wa shingoni alionao kuku wa kuwekea chakula, kwa hiyo kito kisingekaa pale. Ni kweli, hana. Na hakuna aliyeacha kuisoma kwa sababu hiyo.

Halafu sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna haki ya kujifanya wageni hapa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa mpelelezi wake Bwana Msa ubavuni mwa Holmes huyo huyo, na kiko mdomoni, na rafiki yake Najum wa kumuuliza maswali tuliyotaka kuuliza sisi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957 na 1958, ikatoka kitabu 1960, na waliokisoma shuleni wanachokumbuka zaidi ni mabishano na vijembe, siyo nani aliua. Vijembe vyenyewe ndo vimebeba habari za nani anamchukia nani. Kwa hiyo mtu akiniambia kucheka na kupeleleza havikai chungu kimoja namwambia arudi darasani.

Nirudi kwenye sikukuu, maana hapa ndo wengi wanapopitwa. Krismasi kwenye kitabu cha namna hii inafanya kazi tatu kwa mpigo. Ya kwanza inajulikana, inawaleta nyumba moja watu ambao mwaka mzima walikuwa wanakwepana. Ya pili inafunga milango, huko kwao kuna theluji, barabara haipitiki, polisi wa wilaya wako likizo, basi muoka biskuti anapata nafasi ya kuuliza maswali. Ya tatu sijaona ikisemwa na mimi naiona ndo kubwa kuliko zote: Krismasi ni msimu ambao kila mtu mwaminifu anatembea kama mtuhumiwa. Fikiria. Watu wananong'ona wakikuona unakuja wananyamaza, mtu anaingia stoo usiku na mfuko mweusi, mume anadanganya alikuwa wapi mchana, mtoto kaficha kitu chini ya kitanda, mzee mzima kavaa ndevu za pamba na hakuna anayemuuliza wewe nani. Siku nyingine yoyote ungeita polisi, Desemba unasema anaandaa zawadi. Uongo unakuwa adabu. Mwandishi anayejua kazi yake anamficha mwongo mmoja wa kweli katikati ya waongo kumi wa heri, na ndiyo maana mwandishi Mwingereza Mavis Doriel Hay mwaka 1936 kwenye The Santa Klaus Murder aliweza kuijenga kesi ya mzee aliyepigwa risasi nyumbani kwake siku ya Krismasi akalitumia vazi la Santa kuchanganya watu, kwa sababu ni vazi ambalo linampa mtu yeyote ruhusa ya kuingia chumba chochote.

Basi tuwasikilize wanaolalamika. Lalamiko la kwanza na dhaifu kuliko yote ni hilo la "nilimjua mapema". Nina shangazi yangu, nesi mstaafu, mwaka juzi nilimwazima simu yenye kitabu kimoja cha hivi, kina kwaya ya kanisa na mashindano ya keki. Alifika kama robo akaniambia muuaji ni yule mama wa sauti ya kwanza. Umejuaje shangazi? "Anacheka kabla utani haujaisha." Yaani mwandishi alikuwa kaweka utani mezani, wote wakasubiri mwisho wake, mmoja akawahi, na shangazi kwa miaka yake ya wodini anawajua watu wanaowahi kucheka. Nilipopitia tena ile sura nikakuta kweli, mstari mmoja mdogo, mimi nilikuwa naendelea kucheka nikaupita. Sasa cha kuangalia ni hiki, shangazi alijua na akaendelea kusoma mpaka saa nane usiku, kwa sababu swali lake lilishahama, alitaka kujua hawa watu watakaaje meza moja kesho na huyu mama ndani, nani atamwambia mumewe, na ile keki nani ataila. Anayetoa nyota mbili kwa kuwa kajua jibu anadhani kaingia chumba cha mtihani. Tena mara nyingi hakujua, alikisia, alikuwa na watuhumiwa wanne akabahatika, akajitungia hoja baada ya jibu kutoka. Hilo tunalifanya wote.

Lalamiko la pili lina uzito zaidi, wanaosema hizi riwaya hazina damu, mauaji yamekuwa ya adabu mno, kifo hakiumi. Lina uzito kwa sababu lilishatolewa na mtu wa ndani ya familia. James Watts, mume wa dada yake Agatha Christie, alimlalamikia shemeji yake kwamba mauaji yake yanazidi kuwa laini, yamepauka kama mtu mwenye upungufu wa damu, yeye anataka mauaji ya nguvu yenye damu tele. Christie akamjibu kwa kitabu, riwaya ya Krismasi ya 1938 ya mpelelezi wake Poirot, na malalamiko yenyewe akayaweka pale mbele kwenye ukurasa wa kumtunukia kitabu. Na damu akampa kweli, chumba kimefungwa kwa ndani, fanicha zimepinduka, ukelele wa kutisha, mzee tajiri kalala kwenye dimbwi mpaka mtu mmoja anakumbuka maneno ya Lady Macbeth kwenye tamthilia ya Shakespeare, ya nani angedhani mzee yule alikuwa na damu nyingi kiasi kile. Ila Christie hakutoa kitu bure, ule wingi wa damu wenyewe ni kidokezo, na kuna kipande kidogo cha mpira kinaokotwa sakafuni, kitu cha kitoto kabisa, unakipita bila kukiangalia kwa kuwa macho yako yako kwenye damu uliyoililia. Siwaharibii zaidi ya hapo. Ninachotaka kusema ni kwamba alichokililia msomaji ndicho kilichotumika kumfunga macho, na kwenye riwaya za birika mahali pa ile damu panakaa kicheko, kazi ni ile ile. Miaka 22 baadaye, 1960, huyo huyo Christie alitoa mkusanyo wa hadithi uliobeba jina la pudini ya Krismasi, akaandika dibaji akijiita mpishi na kukiita kitabu mlo, na akaitoa kwa kumbukumbu ya Abney Hall, nyumba alikokula Krismasi za utoto wake, ya ukoo wa Watts hao hao wa mdai damu. Mwandishi mmoja, nyumba moja, mapishi mawili, na hakuna aliyekuwa na haki ya kukipa kimoja nyota mbili kwa kuwa siyo kingine.

Ndani ya lalamiko hilo hilo wapo wanaosema kumfanyia mzaha maiti, tena siku takatifu, ni utovu wa heshima, na hao ningewaheshimu zaidi kama wangekuwa hawajawahi kufika msibani kwetu. Mtani akija msibani anafanya nini? Mzaramo amefiwa, Mnyamwezi anaingia anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza mpaka alipwe, anamuuliza mfiwa deni lake lile atalilipa nani sasa, na waliokuwa wanalia wanacheka na machozi yapo. Hakuna anayesema kifo kimedharauliwa. Mtani mzuri anamtaja marehemu jinsi alivyokuwa kweli, ubahili wake na kila kitu, mambo ambayo hotuba ya kanisani haisemi. Riwaya ya birika nzuri inafanya hivyo hivyo, marehemu mara nyingi ni mtu aliyekuwa kero ya mtaa na utani ndo njia pekee ya majirani kulisema hilo mbele ya mpelelezi bila kuonekana wamefurahi. Mbaya ni ile ambayo utani hauhusiani na marehemu wala na mtu yeyote, paka kaanguka kwenye unga, haya tunacheka, inayofuata.

Na hapo ndo naingia upande wa walalamikaji, maana haki yao ipo. Joanne Fluke ana mpelelezi wake Hannah Swensen, muoka biskuti wa mji wa kubuni wa Lake Eden huko Minnesota, na 2004 alitoa Sugar Cookie Murder, mji mzima umekusanyika kwenye chakula cha Krismasi kuonja mapishi ya kitabu cha mapishi cha mji. Wazo zuri sana, ukumbi umejaa, kila mtu kashika sahani, kila mtu ana sababu ya kuingia jikoni. Ila kitabu chenyewe karibu nusu yake ni mapishi, yamepangwa baada ya stori. Wapo waliofurahi, wengine wanazipika mpaka leo. Lakini aliyenunua kesi akapewa vipimo vya siagi ana haki ya kuguna, na sio kwa sababu mapishi ni kitu cha kijinga, ila kwa sababu yale yaliyokaa nyuma ya stori hayafichi chochote. Kama kidokezo kingekuwa kwenye kipimo cha sukari mimi ningesimama kupiga makofi.

Mfano mwingine ni mgumu kidogo. Janet Evanovich tangu 1994 anaandika visa vya Stephanie Plum, binti wa Trenton, New Jersey, kazi yake kuwakamata walioruka dhamana, vitabu vina namba na wasomaji wanavihesabu kama watoto wao. Mwaka 2002 akatoa cha Krismasi kisicho na namba, Visions of Sugar Plums, Stephanie hana mti, hana zawadi, anamtafuta mtuhumiwa anayeitwa Sandy Claws, litamke haraka utaona utani uko wapi, na asubuhi hiyo jikoni kwake katokea mwanaume anaitwa Diesel, katokea tu, ana uwezo usio wa kibinadamu. Wasomaji waliozoea wizi wa magari na bibi yake Stephanie, Mazur, anayependa kwenda mazishini wakajikuta kwenye mambo ya miujiza. Waliokasirika walikasirika kweli, na wengine hicho ndo kitabu wanachokirudia kila Desemba. Mimi nadhani wote wako sahihi, manake mwandishi alibadilisha mkataba bila kuwaambia wenye mkataba wa zamani, wakati wageni walionunuliwa kitabu kama zawadi hawakuwa na mkataba wowote wa kuvunjwa. Na hicho cha zawadi tunakisahau kabisa tunapohesabu nyota. Kitabu cha Krismasi kinaingia mikononi mwa watu ambao hawakukichagua. Kapewa na mkwe. Anasoma huku anasubiri ubwabwa. Maoni yake ni halali lakini sio maoni ya aina moja na ya aliyefuata vitabu kumi, sasa ukichukua tano ya huyu na mbili ya yule ukasema wastani ni tatu na nusu umepata namba isiyomwelezea msomaji hata mmoja aliyewahi kuishi.

Ndiyo maana hizi hukumu za kwamba aina hii imekwisha zinanitia wasiwasi. Mwandishi akiamini kelele zinazosema "kesi iwe ngumu zaidi" atapunguza utani ili ajaze watuhumiwa, na akishaupunguza kaondoa maficho, kesi inabaki wazi kuliko mwanzo na wale wale watasema wamemjua mapema zaidi. Akiamini zile nyingine zinazosema "Krismasi haitoshi" ataongeza theluji, mishumaa na nyimbo, kumbe msomaji alichokikosa hakikuwa theluji, alikosa sababu ya kwa nini haya yatokee siku ile na sio Jumanne ya kawaida. Ningekuwa na uwezo ningemwomba kila anayetoa nyota aandike sentensi mbili tu chini yake: ungekiondoa kichekesho gani kitabu kikabaki vile vile, na ungeihamishia kesi mwezi wa tano ingekufa au ingeishi. Hizo sentensi zingemsaidia mwandishi na mimi mnunuzi kuliko ile namba.

Na kuna jambo linaniuma kidogo hapa kwetu. Tunasoma Krismasi za Minnesota na New Jersey wakati Desemba ya Moshi imekaa pale haijaandikwa. Mabasi yote yamejaa kupanda kaskazini, nauli imepanda, Wachaga wa Dar wanarudi nyumbani, kaka watano ambao hawajaongea tangu wagombanie kihamba, shamba la ukoo, wanakutana uani kwa mama na kila mmoja kaja na gari la kuwaonyesha wenzake. Ndafu, mbuzi mzima, iko motoni, kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kinazungushwa, kata ya mbege, pombe ya ndizi, inapita mkono kwa mkono, watu wamenuniana ila wanataniana kwa kuwa ni sikukuu, na mjomba mmoja hajaonekana tangu jana usiku, kila ukiuliza unaambiwa kaenda kuangalia majani ya ng'ombe. Kila mtu anadanganya kidogo kuhusu alikokuwa. Sina kipaji cha kuiandika mimi, ila nilimsimulia shangazi hicho kipande hivyo hivyo kilivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, hiyo mbege aliyeionja kwanza ni nani.